Mfanyakazi aandike, na karatasi ibaki yake

Kila tarehe 10 Oktoba, Siku ya Afya ya Akili Duniani, ofisi nyingi za mijini kwetu hujaa shughuli. Huitwa mzungumzaji wa kuhamasisha, wafanyakazi hunyooshwa viungo uani, hugawiwa fulana, picha hupigwa, na kesho yake kila mtu hurudi mezani kwake akakuta mzigo wake uko palepale. Mwaka 2024 kaulimbiu ya siku hiyo ilikuwa afya ya akili kazini, na haikuchaguliwa bure. Katika miongozo yake ya mwaka 2022, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba sonona na wasiwasi huipotezea dunia siku za kazi bilioni 12 kila mwaka, hasara inayofikia dola trilioni moja za Marekani. Nyuma ya hesabu hiyo yupo muuguzi wa zamu ya usiku aliyefiwa na wagonjwa watatu katika wiki moja, yupo mwalimu anayesahihisha madaftari hadi saa sita za usiku, yupo karani wa dirishani anayetukanwa na wateja kwa makosa ambayo si yake. Watu hawa hawahitaji fulana. Mojawapo ya mambo wanayoweza kufaidika nayo kweli, tena kwa gharama ndogo, ni warsha ya uandishi wa kubuni: saa moja au mbili kwa wiki, karatasi, kalamu, na mwezeshaji anayeijua kazi yake. Lakini nasisitiza kitu ambacho waandaaji wengi hukisahau. Kazini, uandishi humsaidia mtu pale tu anapokuwa na pazia la kujisitiri. Pazia hilo lina pande mbili: uhuru wa kubuni badala ya kulazimishwa kuungama, na uhakika kwamba kilichoandikwa ni mali ya aliyeandika.

Uchunguzi wa kisayansi juu ya jambo hili una takriban miaka 40. Mwaka 1986 wanasaikolojia wa Marekani James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha matokeo ya jaribio la wanafunzi 46 wa chuo kikuu. Kila mwanafunzi aliandika kwa dakika 15, usiku nne mfululizo. Baadhi yao walipewa mada za kawaida zisizo na uzito. Wengine waliombwa waandike juu ya tukio lililowaumiza kuliko yote maishani mwao. Waliosimulia tukio pamoja na hisia walizokuwa nazo walitoka chumbani wakiwa na huzuni zaidi, na shinikizo la damu likiwa limepanda. Yeyote aliyewatazama usiku ule angesema zoezi limewadhuru. Hata hivyo, katika miezi sita iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao. Kuanzia hapo watafiti wa nchi nyingi walilirudia jaribio hilo kwa namna mbalimbali. Mwaka 1999 jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani lilichapisha utafiti juu ya wagonjwa 112 wa pumu na wa baridi yabisi walioandika kwa dakika 20, siku tatu. Miezi minne baadaye, asilimia 47 ya walioandika juu ya jambo lililowatesa walikuwa wamepata nafuu ambayo daktari anaweza kuipima, ilhali kwa walioandika mambo ya kawaida ilikuwa asilimia 24. New Zealand nako, mwaka 2013, wazee 49 walikatwa kijeraha kidogo cha kitabibu mkononi baada ya zoezi la kuandika. Siku ya 11, majeraha ya asilimia 76 ya walioandika juu ya machungu yao yalikuwa yamefunga kabisa, dhidi ya asilimia 42 ya wenzao.

Kwa mwajiri na mwajiriwa, utafiti wenye uzito zaidi ni ule uliochapishwa mwaka 1994 na Stefanie Spera, Eric Buhrfeind na Pennebaker. Wahusika walikuwa wataalamu 63, wengi wao wahandisi, walioachishwa kazi ghafla baada ya kuitumikia kampuni moja ya kompyuta kwa miaka mingi. Walikuwa na hasira, na walikuwa na haki ya kuwa nayo. Kundi moja liliandika kwa dakika 20, siku tano, juu ya mawazo na hisia zao kuhusu kupoteza kazi. La pili liliandika juu ya mipango ya kila siku na jinsi ya kutafuta kazi. La tatu halikuandika kitu. Baada ya miezi minane hivi, zaidi ya nusu ya kundi la kwanza walikuwa wamepata ajira ya muda wote. Katika makundi mengine mawili hawakufika robo. La kuzingatia ni kwamba hawakutuma barua nyingi zaidi za maombi wala kuitwa kwenye usaili mara nyingi zaidi. Walikwenda kwenye usaili kwa kiasi kilekile kama wenzao. Maelezo ya watafiti ni kwamba aliyekwisha kuitua hasira yake karatasini hakuibeba hadi mbele ya mwajiri mpya. Nchi zetu hupunguza wafanyakazi kila mwaka, viwanda hufungwa, miradi ya wafadhili husitishwa, na anayeondoka hupewa barua na hundi, basi. Siku tano za kuandika hazirudishi ajira ya mtu, lakini zinaweza kumrudishia uwezo wa kuitafuta nyingine.

Nisiyasimulie mafanikio peke yake. Mwaka 2006 Joanne Frattaroli alikusanya tafiti 146 za aina hii na kuzipima kwa pamoja. Aligundua kwamba kwa wastani faida ipo, lakini ni ndogo. Wakosoaji huishika hesabu hiyo na kusema kwamba haifai kusumbua watu kwa faida ndogo hivyo. Jibu langu ni kwamba udogo wa faida hupimwa pamoja na udogo wa gharama. Rimu moja ya karatasi na saa moja ya muda haviwezi kulinganishwa na bei ya semina ya siku mbili hotelini, ambayo faida yake huwa haipimwi na mtu yeyote. Tena wastani huficha tofauti kubwa kati ya mtu na mtu. Wapo wanaonufaika sana, wapo wasioguswa, na wapo wanaoumia. David Sbarra na wenzake walionyesha hilo mwaka 2013 walipowachunguza watu 90 waliotengana na wenzi wao karibuni. Wale waliokuwa na tabia ya kulizungusha jambo lilelile kichwani, wakitafuta maana yake usiku na mchana, walizidi kuumia walipoagizwa kumimina hisia zao. Waliopewa zoezi la kawaida la kuandika shughuli za siku walipona haraka zaidi. Matokeo hayo hayabomoi hoja ya kuandika. Yanatuambia kwamba kumwambia mtu amwage kila kilichomo moyoni, halafu kumwacha hapo, si njia ya kumsaidia kila mtu. Na hapo ndipo ufundi wa uandishi unapoingia.

Pennebaker mwenyewe, pamoja na wenzake, baadaye waliyachambua maandishi ya washiriki wao neno kwa neno. Walionufaika zaidi hawakuwa wale waliolia sana karatasini. Walikuwa wale ambao kuanzia siku ya kwanza hadi ya mwisho lugha yao ilibadilika: walizidi kutumia maneno ya sababu na ya utambuzi, wakaanza na vipande vya matukio na kuishia na masimulizi yenye mwanzo na mwendo. Mwaka 2003 yeye na Sherlock Campbell waliongeza jambo jingine, kwamba afya iliimarika zaidi kwa watu ambao viwakilishi vyao vilibadilika siku hadi siku, leo wakijitazama wenyewe, kesho wakimtazama mwingine aliyekuwepo. Ukiwasikiliza walimu wa fasihi, hayo ndiyo wanayofundisha: badilisha msimulizi, panga matukio, mwone mhusika wako kwa jicho la jirani yake. Kumbe mbinu za hadithi si pambo linaloongezwa juu ya tiba; zimo ndani ya tiba yenyewe. Ndiyo maana natetea warsha ya uandishi wa kubuni, yenye mwezeshaji anayeweza kumuuliza mshiriki, “Je, mama mkwe katika hadithi hii angelisimuliaje tukio hili?” Swali hilo humtoa mtu kwenye mduara wa fikra zake bila kumtaka ajieleze kwa yeyote.

Kuna utafiti mmoja ambao hautajwi vya kutosha, nami nauona kuwa nguzo ya hoja hii. Mwaka 1996 Melanie Greenberg, Camille Wortman na Arthur Stone waliwaomba baadhi ya wanafunzi wa kike waandike juu ya mikasa iliyowapata wao wenyewe, na wengine waandike juu ya mkasa wa kubuni ambao haukuwahi kuwapata, lakini waandike kana kwamba umewapata. Waliobuni nao walikwenda kwa daktari mara chache kuliko wale walioandika mambo ya kawaida. Inaonekana mtu hahitaji kuifichua siri yake ili apate nafuu. Anaweza kuutengenezea moyo wake njia ya kupita katika maumivu ya mtu ambaye hayupo, akajifunza kuyahimili, akarudi kwake akiwa na nguvu kidogo zaidi. Kwa mtu aliyeko nyumbani, peke yake na daftari lake, tofauti kati ya kuungama na kubuni huenda isiwe kubwa. Ofisini tofauti hiyo ndiyo kila kitu.

Tufikirie hali ilivyo. Idara ya rasilimali watu imeleta mwezeshaji. Washiriki wameketi mezani, karani pembeni ya msimamizi wake, na mada imetangazwa: andika jambo linalokuumiza kazini. Nani ataandika ukweli? Atakayeandika kwamba anadhalilishwa na mkuu wa kitengo anajua karatasi inaweza kumfikia mkuu huyo kabla ya jua kuzama. Atakayeandika kwamba hapati usingizi anahofia kwamba kupandishwa cheo kutapita mbali naye. Kwa hiyo kila mtu ataandika juu ya foleni za barabarani, ripoti itaandikwa kwamba warsha imefana, na hakuna atakayekuwa amepumua. Mbaya zaidi ni yule mmoja mwenye moyo mweupe atakayeamini aliyoambiwa, aandike yote, kisha ajute. Mwambie mtu huyohuyo aandike hadithi ya mpishi wa sultani anayelazimishwa kuonja kila chakula kwanza, au ya mlinzi wa mnara wa taa ambaye meli hazimsalimii, na ghafla chumba hujaa ukweli. Hakuna anayeweza kumhoji mpishi wa sultani. Mwandishi anajua anachokisema, wenzake wanakihisi, na msimamizi hana pa kushika.

Waswahili hawahitaji kufundishwa thamani ya hilo. Mshairi Muyaka bin Haji aliisema siasa ya Mombasa ya karne ya 19 kwa mafumbo ambayo hadi leo wasomi wanayafungua. Lakini mfano ulio wazi zaidi ni wa Abdilatif Abdalla. Mwaka 1968, akiwa kijana, aliandika kijitabu cha kisiasa chenye kuuliza Kenya inaelekea wapi, kwa nathari isiyo na pazia lolote. Alifungwa gerezani hadi mwaka 1972. Humo ndani aliandika mashairi kwa siri kwenye karatasi za chooni, na yalipotoka mwaka 1973 yakiwa diwani ya Sauti ya Dhiki, yalipata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka uliofuata. Ndani yake kuna malumbano ya ndugu wawili wanaogombea mnazi. Kila msomaji aliyetaka kuelewa alielewa kwamba mnazi ule ni mkubwa kuliko mnazi, lakini hapakuwa na sentensi ya kupelekwa mahakamani. Tena tusiangalie siasa tu. Mtu aliyefungiwa peke yake, asiye na wa kuzungumza naye, aliweka sauti mbili ndani ya shairi moja zikajibizana. Hicho ndicho kile kile ambacho uchambuzi wa mwaka 2003 ulikiona kwa takwimu: uwezo wa kuhama kutoka sauti moja kwenda nyingine.

Pingamizi zito kuliko yote hutoka kwa watetezi wa wafanyakazi, nami nalichukulia kwa uzito unaolistahili. Wanasema kwamba warsha hizi ni dawa ya usingizi. Mwajiri anayelipa mshahara usiotosha, aliyepunguza wauguzi wa wodi kwa nusu, atafurahi sana kuwapa waliobaki kalamu na kuwaambia watunze afya zao za akili. Ni kweli hatari hiyo ipo. Jijini Nairobi, wafanyakazi waliokuwa wakichuja picha na video za ukatili kwa ajili ya mitandao ya kijamii walikwenda mahakamani, na mwishoni mwa mwaka 2024 iliripotiwa kwamba zaidi ya 140 kati yao walikuwa wamegundulika na daktari kuwa na msongo unaotokana na kiwewe. Hakuna hadithi fupi inayoweza kumponya mtu ambaye kesho asubuhi atarudishwa kutazama mauaji kwa saa nane. Kwa watu kama hao kwanza yabadilishwe masharti ya kazi, walipwe fidia, wapate tabibu. Anayeanza na warsha anawadhihaki. Warsha ina nafasi yake pale ambapo mwajiri ameshatimiza wajibu wake wa msingi, au pale ambapo wafanyakazi wenyewe wameiandaa wakati bado wanaudai wajibu huo.

Na hili la wafanyakazi kujiandalia si ndoto. Mjini Durban, Afrika Kusini, miaka ya 1980, Alfred Temba Qabula alikuwa dereva wa gari la kunyanyulia mizigo katika kiwanda cha matairi cha Dunlop. Alitunga majigambo ya kishairi ya chama cha wafanyakazi, akifuata mtindo wa zamani wa kuwasifu wafalme lakini akikiweka chama mahali pa mfalme. Pamoja na Mi Hlatshwayo na Nise Malange alitoa kitabu cha mashairi mwaka 1986, na nyuma yao kulikuwa na kundi zima la wafanyakazi waliokutana kutunga, kuigiza na kusomeana. Uandishi haukuwalaza. Ulikwenda bega kwa bega na migomo na madai ya mishahara. Limuru, Kenya, nako, mwaka 1977, wakulima na vibarua wa mashamba ya chai na wa kiwanda cha viatu walikaa na Ngũgĩ wa Thiong’o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ wakauchambua mswada wa tamthilia, wakasahihisha palipokosewa kuhusu maisha yao, na kujenga kwa mikono yao jukwaa la wazi la Kamĩrĩĩthũ. Serikali iliifuta ruhusa ya kuigiza baada ya wiki chache tu, na mwisho wa mwaka Ngũgĩ wa Thiong’o akawekwa kizuizini. Kama kuandika pamoja kungekuwa dawa ya usingizi, wenye mamlaka wangeliwaunga mkono. Wanaoliogopa hili kwa sababu linawatuliza wafanyakazi mno wapaswa kuikumbuka historia hiyo, na waajiri wanaolipenda kwa sababu hiyohiyo waikumbuke pia.

Wengine husema sisi ni watu wa kuzungumza, baraza ndiyo hospitali yetu, na kukaa kimya na karatasi ni ugeni. Baraza naiheshimu. Lakini baraza haina nafasi kwa kila mtu wala kwa kila jambo; kuna mambo ambayo mwanamke hatayasema mbele ya mashemeji, na kuna mambo ambayo kijana hatayasema mbele ya wazee. Mwaka 1858, huko kaskazini mwa pwani ya Kenya, Mwana Kupona binti Msham alikuwa mgonjwa kwa muda mrefu. Hakuita baraza. Alimtungia binti yake utenzi, na hakuishi miaka mingi baada ya hapo. Zaidi ya karne moja baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1990, akina mama wa Uganda wanaoishi na virusi vya UKIMWI, chini ya chama chao cha NACWOLA, walianza kuandika vitabu vya kumbukumbu kwa ajili ya watoto wao. Hawakuwa waandishi. Wengi hawakusoma sana. Walikutana kwa vikundi, wakafundishana, wakajaza kurasa kwa maandishi na picha: babu yako alikuwa nani, ulizaliwa siku gani, ulipenda chakula gani ulipokuwa mdogo, natamani uwe mtu wa namna gani. Kitabu kilimpa mama njia ya kumweleza mtoto habari ya ugonjwa ambayo mdomo ulikuwa umeshindwa kuitoa, na kilimlazimisha kufikiria nani atamlea mtoto huyo. Wapo walioanza kuandika wakijiandaa kufa, kisha dawa za kupunguza makali zikapatikana, wakaendelea kuishi na vitabu vyao. Kwangu hiyo ndiyo warsha ya uandishi kwa ustawi iliyo bora kuliko nyingi za vyuo vikuu, na imezaliwa kwetu. Inatufundisha pia kwamba maandishi huzaa mazungumzo, hayayafukuzi.

Suala la lugha nisilipite. Ofisi zetu nyingi huandika Kiingereza, hivyo waandaaji huleta warsha ya Kiingereza, na kwa kufanya hivyo humrudisha mshiriki kwenye hofu ileile ya barua pepe na ripoti: je, nimekosea nyakati, watanicheka? Mtu aliyelia kwa Kiswahili, au kwa Kidigo, au kwa Kihaya, aandike kwa lugha aliyolilia. Kiswahili kina urithi wa watumishi waliokuwa wakiandika baada ya saa za kazi. Shaaban Robert aliajiriwa na serikali ya kikoloni kwa zaidi ya miaka 30, na humo humo katika utumishi akaandika mashairi, riwaya na insha, pamoja na barua kwa ndugu yake Yusuf Ulenge ambazo zilikusanywa na kuchapishwa mwaka 2002. Tangu gazeti la Mambo Leo lilipoanza kutoka mwaka 1923, kurasa za mashairi za magazeti ya Kiswahili zimebeba tungo za makarani, walimu, maaskari na mafundi. Walijibizana kwa lakabu, wakasahihishana vina na mizani, wakaulizana maswali ya ndoa, madeni na upweke. Ile ilikuwa warsha ya nchi nzima, yenye pazia la lakabu na la fumbo, na bado ipo katika kurasa chache. Anayetaka kuanzisha kitu kazini kwake anaweza kuanzia hapo bila kuagiza mtaalamu kutoka ng’ambo: mwite mshairi wa mji wako, mlipe vizuri.

Sasa masharti, maana bila hayo ni afadhali warsha isiwepo. Ifanyike ndani ya saa za kazi zinazolipwa. Ikiwekwa Jumamosi inakuwa mzigo mwingine. Kuhudhuria kuwe kwa hiari kabisa, na asiyekuja asiulizwe. Mwezeshaji atoke nje ya taasisi, na mkataba wake useme bayana kwamba hatatoa ripoti ya nani alisema nini. Idadi ya waliohudhuria inatosha. Wakubwa waandike kwenye kikao chao, si katika kikao cha walio chini yao. Kusoma kwa sauti kuwe hiari ya mwandishi, na anayetaka kuchana alichoandika apewe ruhusa bila maelezo. Karatasi ziende nyumbani na wenyewe, zisikusanywe hata kwa ajili ya kitabu kizuri cha kumbukumbu ya taasisi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Maandishi yanayogusa afya ya mtu si ya kutupwa kwenye droo ya ofisi, wala hayana nafasi katika tathmini ya utendaji wake. Mashindano na zawadi viachwe, kwa sababu vikiingia kila mtu ataanza kumwandikia hakimu.

Sharti la usalama ni la peke yake. Ikitokea ajali kiwandani au mauaji kazini, watu wasiitwe siku ya pili yake na kulazimishwa kuandika walichokiona. Shirika la Afya Duniani hupendekeza huduma ya kwanza ya kisaikolojia, yaani utulivu, mahitaji ya lazima na ukaribu, badala ya kumtaka mtu asimulie kiwewe kikiwa kibichi. Uandishi husubiri. Mwezeshaji naye awe na jina na namba ya mnasihi au muuguzi wa afya ya akili ambaye anaweza kumfikia, kwa sababu ipo siku mpishi wa sultani katika hadithi atataka kujiua, na mshairi peke yake hataweza kubeba jambo hilo. Na kwa yule anayelizungusha jambo moja wiki baada ya wiki, mwezeshaji ampe zoezi la kutazama nje: aeleze soko la samaki, mikono ya fundi cherehani, mvua ilivyoanza. Utafiti wa waliotengana na wenzi wao unaonyesha kwamba kwake hilo ni zoezi la maana, si la kupotezea muda.

Anayeweza kuyasimamia masharti haya si idara ya rasilimali watu, hata ikiwa na nia njema, kwa sababu yenyewe ni sikio la mwajiri. Ni chama cha wafanyakazi. Vyama vya walimu, vya wauguzi na vya wafanyakazi wa benki hukaa mezani na waajiri kujadili mikataba ya hali bora, na humo hujadili posho ya nyumba, likizo ya uzazi na sare. Katika duru ijayo ya majadiliano kiongezwe kifungu kifupi: saa mbili kila wiki mbili, ndani ya muda wa kazi, kwa uandishi wa hiari, mwezeshaji anachaguliwa na wafanyakazi na kulipwa na mwajiri, maandishi yote ni mali ya mwandishi na hayawezi kuombwa, kunakiliwa wala kutumika katika shauri lolote la nidhamu. Mashirikisho ya vyama vya wafanyakazi, TUCTA la Tanzania na COTU la Kenya, yakikipitisha kifungu hicho kama kielelezo, vyama vidogo vitakinukuu kama kilivyo, na mwajiri atakayekikataa atalazimika kueleza mbele ya wafanyakazi wake kwa nini anazihitaji karatasi zao.